Ekrani kwanza, karte nyuma yake



Nyuma ya mkutano wetu wa juma lililopita, wakati kila mtu alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni, mama mmoja alinivuta kando. Zamu yake ya likelemba imefika. Kijana wake amemaliza masomo ya sekondari, na sasa anatengeneza mialiko ya ndoa, kaliko za mikutano na matangazo ya maduka kwenye ordinatere ya rafiki yake. Anaomba ya kwake. Amemwandikia mama kikaratasi: ekrani ya inchi 32, karte ya grafiki kubwa ya michezo, jumla dola 700. Mama akaniuliza: "Mwalimu, hii ni kazi ao ni mchezo? Niambie kweli, maana hii ni feza ya mihogo."

Nilimwambia anipe juma moja. Jibu langu ni hili, na ninaliandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye kikaratasi cha namna hiyo mkononi.

Kwanza, ni vyote viwili, kazi na mchezo, na hakuna dhambi ndani yake. Mashine ileile inayochora mwaliko asubuhi inaweza kucheza mpira jioni. Kijana asiyeficha kwamba atacheza pia ni kijana anayesema kweli. Shida ni kwamba kikaratasi chake kimeanza na mchezo, na kazi imewekwa mkiani. Tukigeuza mpangilio huo, feza itatosha na pengine itabaki.

Tuelewe vitu viwili hivi. Ekrani ni kile kioo tunachotazama. Karte ya grafiki ni kipande kilicho ndani ya sanduku, chenye feni moja ao mbili, ambacho kazi yake ni kutengeneza picha. Niseme kama tuko jikoni: karte ni mpishi, ekrani ni sahani. Mpishi akiwa hodari namna gani, lituma yake ikiwekwa kwenye sahani chafu hamtaifurahia.

Sasa tuulize: kazi ya kijana inahitaji mpishi wa nguvu gani? Mialiko, kaliko, vikaratasi vya matangazo na maandishi ya kwenye tisheti hufanywa na programu kama Photoshop na CorelDRAW, ao zile za bure kama GIMP na Inkscape. Programu hizi hutegemea zaidi prosesere na memwari. Memwari ya giga 16 itamsaidia kuliko karte ya bei kubwa. Hata ile grafiki ndogo iliyojengwa ndani ya prosesere nyingi za kisasa inatosha kwa mwaliko wa ndoa. Karte ya nguvu inaanza kuwa ya lazima mtu akichora vitu vya pande tatu kwa Blender, akipanga video ndefu, ao akicheza michezo mizito. Kwa mpira, karte ya katikati inatosha.

Lakini ekrani mbaya itamkosesha wateja tangu siku ya kwanza. Nimeliona jambo hili katika familia yangu. Mdogo wangu, ambaye mimi ndiye niliyemsomesha, alipokea kazi ya kaliko ya ndoa. Familia ilitaka rangi ya kaliko ifanane na kikwembe chao cha kijani. Kwenye ekrani yake ya zamani kijani kilionekana vizuri kabisa. Kaliko ilipotoka kwa mchapaji, ilikuwa nyeusi karibu kama makaa. Mama wa bibi-arusi hakupiga kelele. Alitazama tu, akatazama kikwembe chake, akaacha kaliko pale mezani. Tulilipa uchapaji mara mbili, na mara ya pili ilikuwa feza yetu.

Kwa hiyo, mama, ukienda kununua ekrani, fanya haya. Hauhitaji kujua kusoma Kifaransa cha kwenye kartoni.

Mwambie muuzaji aiwashe na aweke picha ya uso wa mtu. Simama mbele yake, kisha sogea kushoto, kulia, na inama chini. Kama uso unabadilika rangi ao unakuwa mweusi, ekrani hiyo ni ya aina ya TN. Achana nayo kwa kazi ya rangi. Ile inayobaki vilevile kila upande mara nyingi ni ya aina ya IPS, na hiyo ndiyo ya mchoraji. Kama maelezo yake yanataja sRGB, iwe karibu na asilimia 100. Hicho ni kipimo cha rangi kilichotolewa mwaka 1996, na mpaka leo ndicho ambacho ekrani nyingi na simu nyingi hufuata.

Kisha mwambie aweke picha nyeupe tupu, halafu nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja moja, zikijaza kioo chote. Tafuta nukta iliyokufa, ile isiyobadilika na wenzake. Ukiiona, punguza bei ao ondoka.

Sasa ukubwa. Kijana ameandika inchi 32. Picha ya ekrani imefanywa na nukta ndogo ndogo. Ekrani ya kawaida ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Zidisha kama tulivyofundishwa: ni zaidi ya milioni 2. Ukizitawanya nukta hizohizo kwenye inchi 32, kila nukta inakuwa kubwa na maandishi yanaonekana na meno kama msumeno. Kwenye inchi 24 zinakaa vizuri. Inchi 32 inataka nukta nyingi zaidi, na nukta nyingi zinataka karte ya nguvu zaidi. Mnaona jinsi kitu kimoja kinavyovuta kingine, kama ukinunua sufuria kubwa na makaa nayo lazima yaongezwe.

Kijana atasema pia juu ya Hz. Hiyo ni hesabu ya mara ngapi ekrani inabadilisha picha kwa sekunde moja. Ekrani nyingi hufanya mara 60 ao 75. Zile za wachezaji hufanya 144 na zaidi. Mwaliko wa ndoa hautembei. Hata mara 60 zinamtosha kwa kazi, na kwa mpira wa jioni pia. Kama anapata ya 75 ao 100 kwa bei ileile, na rangi zake ni nzuri, achukue. Asiuze rangi ili anunue Hz.

Jambo moja zaidi kwa kijana mwenyewe: ekrani hupaka rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, lakini mchapaji hutumia wino wa rangi nne. Hata ekrani nzuri haitafanana kabisa na karatasi. Achapishe kwanza kipande kidogo, akionyeshe mteja mchana nje ya nyumba, ndipo achapishe vyote. Tungefanya hivyo, ile kaliko isingetuumiza.

Sasa tuje kwenye karte. Hapa ninawaomba mfikirie umeme wetu. Unatoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo, kwenye kituo cha tangu wakati wa Wabelgiji, na mji umekua sana tangu wakati huo. Sote tunajua jioni zetu. Ndiyo maana mimi, kabla ya kuuliza jina la karte, ninauliza inakula wati ngapi.

Karte ya GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, na GTX 1650 ya mwaka 2019, hula wati 75 hivi, na nyingi zake hazihitaji waya wa pekee wa umeme ndani ya sanduku. Zote mbili zina memwari ya giga 4. RTX 3060 ya mwaka 2021 hula wati 170. Iko hata ile ya RTX 4090, inayokula wati 450 peke yake.

Tufanye hesabu ya ubaoni. Prosesere wati 65, vingine vya ndani 30, ekrani 25, karte 75: jumla ni 195, tuseme 200. Ukiweka ya 170 mahali pa ile ya 75, jumla inakuwa 290, karibu 300. Mchezo wa saa tano: ya kwanza imekula kilowati-saa moja, ya pili moja na nusu. Jenereta ndogo ya wati 650 itawasha ya kwanza na bado taa na redio zitapata nafasi. Ya pili itakula mafuta zaidi, na wewe ndiye utakayeyalipa. Tena karte kubwa inataka ile alimentasio ya ndani iwe kubwa na ya kuaminika. Hiyo haimo kwenye kikaratasi cha kijana. Utaambiwa nyuma, feza ikiwa imekwisha toka.

Na sasa niwaambie aibu yangu. Mwaka 2022 nilipokea zamu yangu ya likelemba, nikamnunulia mdogo wangu karte kwa dola 130. Juu yake iliandikwa GTX 1050 Ti, kartoni yake inang'aa. Sikuomba iwashwe. Nilisema moyoni, mimi ni mwalimu, nimesoma, nani atanidanganya? Nyumbani ordinatere ikawa inazimika kila mchezo unapoanza. Mwanafunzi mmoja alipoipima, tuliona ni karte ya mwaka 2011, iliyobadilishwa jina ndani yake ili ijitangaze kuwa mpya. Tuliporudi kumtafuta muuzaji, meza yake ilikuwa na mtu mwingine anayeuzisha viatu. Kwa miezi kadhaa sikuwaambia wamama wa likelemba. Leo nimesema, ili wewe usinunue kimya kama mimi.

Kinga yake ni rahisi. Kuna programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Kijana aiweke kwenye ufunguo wa USB, aende nayo. Karte ichomekwe kwenye mashine, iwashwe, programu ifunguliwe. Itaonyesha jina la kweli la chipu na memwari yake. Kwa karte nyingi za bandia za namna ile, inaandika mbele ya jina neno la Kiingereza FAKE, maana yake ya uongo. Kisha mchezo uchezwe dakika ishirini palepale. Feni isipige kelele za kukwaruza, picha isikatike, rangi zisitawanyike. Muuzaji mwema hatakataa. Na anayekataa amekwisha kukujibu.

Feza inayobaki isirudi kwenye karte. Inunue ondulere, lile sanduku lenye betri linaloshika mashine umeme unapokatika. Ya ukubwa wa kawaida, 650 VA, hubeba wati kama 360 kwa dakika chache tu. Haitoshi kumaliza mechi, lakini inatosha kuhifadhi kazi ya mteja na kuzima kwa utaratibu. Na umeme unaporudi kwa nguvu, ni heri upige ondulere kuliko ekrani mpya.

Nilikaa na yule mama na kijana wake siku ya Alhamisi. Mwanzoni kijana alinuna. Nilimwomba anifundishe kazi yake kama mimi ni mwanafunzi: ukipokea mwaliko, unaanza wapi? Alieleza vizuri sana, na mama yake alisikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe anajua kitu. Kisha tuliandika kikaratasi upya. Ekrani ya IPS ya inchi 24. Mashine iliyotumika yenye memwari ya giga 16 na karte ya GTX 1650, ikipimwa kwanza. Ondulere. Jumla inakaribia dola 450. Kama kazi ikileta feza mwaka ujao, karte itabadilishwa, kwa sababu kwenye ordinatere ya mezani inatoka na nyingine inaingia. Kijana aliuliza kama anaweza kucheza. Mama akasema: "Kazi ya mteja ikiisha. Na dada yako atafundishwa pia." Hilo la dada halikuwa kwenye kikaratasi changu, ni yeye aliyeliongeza.

Bado hawajanunua. Wataenda Jumamosi, wote watatu. Nimemwambia mama afunge feza kwenye pembe ya kikwembe chake, na asiifungue mpaka ekrani iwake mbele ya macho yake na programu iseme jina la kweli. Ikishindikana, arudi nyumbani na fundo lake. Kurudi na feza si aibu. Mimi nilirudi na kartoni inayong'aa.

Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu