Ukurasa wa Hesabu: Namba Zilizoachiana Ziwa

Kama ilivyo ada ya ukurasa huu, karatasi na kalamu ziwe karibu. Wazee nanyi msikae pembeni, safari hii mnahitajiwa.

Watoto wetu hapa Stockholm huletewa shuleni hesabu za maneno namna hii: namba tatu zinafuatana, jumla yake ni 54, ni zipi? Mtoto anayejua vizuri kujumlisha na kugawanya hukwama, si kwa hesabu, bali kwa neno. Kufuatana ndiyo nini? Hapo babu au bibi asiyejua Kiswidi ana la kusema: ni kama ndugu walioachiana ziwa. Baina yao hakuna mwingine, na kila afuataye amemzidi mwenziwe kwa moja tu.

Basi tuandike. Wa kwanza hatumjui, tumpe jina n. Wa pili ni n + 1, wa tatu n + 2. Tukiwajumlisha:

3n + 3 = 54
3n = 51
n = 17

Namba ni 17, 18 na 19. Wapandao treni za chini ya ardhi wamekwisha kucheka: hizo ndizo njia tatu za kijani, 17 ya Skarpnäck, 18 ya Farsta strand na 19 ya Hagsätra.

Iko njia nyingine isiyotaka herufi. Wa mwisho ampe wa kwanza moja. Sasa wote watatu wako sawa na wa katikati. Gawa 54 kwa 3, upate 18, naye ndiye huyo wa katikati. Kwa hiyo jumla isiyogawanyika kwa 3, kama 55, haitoki kamwe kwa namba nzima tatu zinazofuatana.

Sasa tuhakikishe kwa Kiswahili: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Makumi matatu ni thelathini. Saba, nane na tisa ni ishirini na nne. Jumla hamsini na nne. Kiswidi husema sjutton, arton, nitton, na kumi imejificha humo. Sisi twaitamka waziwazi.

Mageuzi ya mwaka 1977 yalizitaka serikali za mitaa Uswidi zifundishe lugha ya nyumbani kwa watoto waitakao. Ni jambo jema, lakini saa zake ni chache. Meza ya chakula iko kila siku. Mtoto akiacha kuhesabu kwa Kiswahili, babu hupoteza mwanafunzi.

La kwenda nalo: katika mitaa ya hapa, upande mmoja wa barabara huwa na namba witiri, wa pili namba shufwa. Nyumba tatu zinazofuatana upande wa witiri, jumla ya namba zake ni 63. Ni zipi? Angalieni, hapa jirani humzidi jirani kwa mbili.

Wazee, jibu lipokeeni kwa Kiswahili tu.