Baraza la Watumiaji na Watu wa Mafia

Kila mwaka wa fedha unapofungwa, tarehe 30 Juni, vyombo vya umma huketi kuandika taarifa za kazi zao. Kimojawapo ni Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lijulikanalo kama EWURA CCC. Baraza hili, lenye asili yake katika Sheria ya EWURA ya mwaka 2001, halitoi leseni wala halipangi bei. Kazi yake ni kumsemea mtumiaji: kupokea maoni yake, kuyafikisha kwa Mamlaka na kwa Waziri, na kumrudishia habari anazostahili kuzijua.

Kwa mkazi wa Mafia, taarifa ya namna hiyo haina budi kujibu swali moja: katika mwaka uliokwisha, ni neno gani la kisiwa hiki lililofikishwa?

Sheria imeliruhusu Baraza kuunda kamati za mikoa. Utaratibu huo wamfaa mtu wa Mkuranga au Bagamoyo, apandaye basi asubuhi na kurejea kwake jioni. Mtu wa Kirongwe sharti ashuke hadi Kilindoni, avuke kwenda Nyamisati, apite Dar es Salaam, ndipo aione Kibaha, makao makuu ya mkoa. Gati la Nyamisati na kivuko cha MV Kilindoni vimepunguza adha za zamani, na Serikali yastahili shukrani kwa hilo. Hata hivyo, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayevuka bahari wakati wa kusi kwa ajili ya malalamiko ya uniti za LUKU. Atanyamaza, na katika taarifa ukimya wake utahesabiwa kuwa ni kuridhika.

Hali ni hiyo hiyo bei zinapojadiliwa. EWURA huitisha mikutano ya taftishi kabla ya kubadili bei za huduma, na humo Baraza husimama kwa niaba ya watumiaji. Lakini litasema nini juu ya Mafia ikiwa halikumsikiliza mtu wa Mafia? Kwa miaka mingi umeme wa hapa umetegemea mitambo ya dizeli, kwa kuwa kisiwa kiko mbali na gridi ya Taifa. Dizeli hiyo huja kwa maji. Mwenye jokofu la samaki Kilindoni ana habari za kukatika kwa umeme ambazo mtumiaji wa bara hawezi kumsemea.

Jambo la maji ni zito zaidi. Watu wa Jibondo, kisiwa cha mawe ya matumbawe kisicho na visima vya maji baridi vya kutosheleza, kwa vizazi vingi walivuka kwa mashua kuteka maji upande wa kisiwa kikubwa.  Tangu Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na uendeshaji wake umekabidhiwa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. EWURA kwa upande wake hudhibiti mamlaka za maji. Hivyo mtumiaji wa mjini ana mlango wa kubisha akidhulumiwa, na wa kijijini hajui abishe upi. Baraza laweza kujibu kwamba hilo haliko katika madaraka yake. Sisi tunaona kwamba ni wajibu wake kumweleza Waziri pengo hilo, maana kumshauri Waziri kumo ndani ya madaraka hayo.

Si lazima ofisi mpya ijengwe. Wilaya yenye watu zaidi ya 66,000, kwa sensa ya mwaka 2022, tayari ina mikutano mikuu ya vijiji. Maofisa Watendaji wa vijiji waagizwe kuandika malalamiko ya maji na umeme katika daftari, nayo Halmashauri iyakusanye kila robo mwaka na kuyapeleka kwa Baraza. Nalo Baraza liitenge Mafia katika taarifa yake ya mwaka, lionyeshe malalamiko yaliyopokewa, yaliyotatuliwa na yaliyokwama, na nakala isomwe Kilindoni na Jibondo. Safari ya kwanza ya wajumbe ifanywe mwezi wa Novemba, bahari inapokuwa shwari.