Duka likifungwa, kriketi nayo hufifia

Reli ya zamani itokayo Nakuru kwenda Kisumu huteremka milima ya Mau ikijipinda kama nyoka. Hupita Londiani, ikaingia Kipkelion, kisha Fort Ternan na Muhoroni. Kipkelion ndiyo iliyokuwa ikiitwa Lumbwa, na wapo wazee wanaolikumbuka jina hilo hadi leo.

Jumapili hii nataka tuzungumzie miji midogo kama huo, maduka yake, na mchezo ambao pengine hujawahi kuuhusisha na nchi ya majani chai: kriketi.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mji wa Kericho haukupata reli, kwa hivyo stesheni yake ikawa Lumbwa. Huko huko, mwaka 1908, walowezi wa Kizungu walianzisha chama cha ushirika kinachohesabiwa kuwa cha kwanza nchini Kenya. Na palipo na stesheni hapakosi duka. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia Wahindi kumiliki mashamba katika nyanda za juu walizotengewa Wazungu, kwa hivyo wengi wao walishika biashara.

Kama una babu au nyanya aliyekulia mji wa reli, muulize kuhusu duka la Mhindi. Atakueleza juu ya sukari iliyopimwa kutoka kwenye gunia, mafuta ya taa, na fundi wa cherehani aliyeshona kaptura za shule barazani. Pia atalitaja daftari la madeni, ambalo mwenye duka hakulisahau hata siku moja!

Jumapili milango ilifungwa. Katika miji kama hiyo kriketi haikuhitaji nyasi za Uingereza. Mkeka mgumu ulitandazwa juu ya udongo ulioshindiliwa, ukapigiliwa misumari, vijiti vitatu vikasimamishwa kila upande. Aliyekuuzia chumvi Jumamosi ndiye aliyerusha mpira, na karani au mwalimu akashika gongo. Vijana wa Kiafrika walikaa kando wakiufukuza mpira uliotoka nje.

Lakini tusipake sukari mambo ya kale. Mzungu alikuwa na klabu yake na Mhindi yake. Mwafrika aliingia humo kubeba trei ya chai, na sheria za kikoloni zilimnyima mkopo wa maana wa kufungulia duka lake. Baada ya Uhuru, hamu ya kulirekebisha jambo hilo ilikuwa ya haki.

Mwaka 1967 ikapitishwa Sheria ya Leseni za Biashara. Asiyekuwa raia alizuiwa kufanya biashara nje ya maeneo maalumu, hasa katikati ya miji mikubwa. Wahindi wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, nayo Uingereza ikaanza kuufunga mlango wake Machi 1, 1968. Wako waliokimbilia huko, na wako waliohamia Nairobi na Kisumu. Duka lilipata mwenyewe mpya, lakini mkeka haukupata wa kuutandaza.

Linganisha na Nairobi. Huko klabu za Wahindi zilibaki, na watoto wa Kiafrika waliokua kando ya viwanja vyao wakaujifunza mchezo. Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya chini ya Maurice Odumbe ilipata alama 166 tu, kisha ikaitoa West Indies kwa 93! Mwaka 2003 Steve Tikolo aliongoza Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Kericho nayo ilimtoa Wilson Kiprugut, aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Lakini mwanariadha anaweza kufanya mazoezi peke yake barabarani. Kriketi inataka watu 22 wanaoaminiana vya kutosha kuchangia gongo moja.

Imani hiyo huvunjika upesi. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, Kipkelion ilishuhudia nyumba zikichomwa na majirani wakifurushwa. Watawa wa Kikatoliki waliokuwa Lumbwa tangu 1956 waliwapa hifadhi maelfu ya watu, kisha wao wenyewe wakahamia Uganda. Kwa mara nyingine, waliojuana kwa majina dukani walitawanyika.

Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, ukienda ushago likizo ijayo, keti na wazee na daftari mkononi. Waulize nani alikuwa na duka lile la kona, walicheza nini Jumapili, na kwa nini aliondoka. Usiridhike na jibu la kwamba alihama tu. Uliza alihamishwa na nini.