Herufi P Katika Risiti

Mwanafunzi asomapo neno la Kiingereza "receipt" na kuitamka ile p, darasa zima humcheka, na pengine mwalimu naye hucheka. Kicheko hicho ni kasumba. Mtoto amefuata kanuni ya Kiswahili: kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa. Kasoro imo katika maandishi ya Kiingereza. Waingereza walilipata neno hilo kutoka Kifaransa cha Wanormani, halina p; wasomi wakaipachika baadaye ili lifanane na neno la Kilatini "recepta". Herufi ikaingia kitabuni, ulimini haikuingia. "Debt" nalo lilipachikwa b kwa njia hiyo hiyo.

Wazee wetu waliolipokea neno hilo kwa sikio walisema "risiti", wala hawakukosea. Basi mwalimu na aanze na risiti anayoijua mtoto dukani, aondoe irabu ya mwisho, aivute ile iliyotangulia: "risiit". Mkazo nao unabaki pale pale. Sikio litangulie, jicho lifuate. Mtoto aliyechekwa hunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi lugha.