Kipimo Huanzia Kwenye Waya

Si ajabu siku hizi kukuta katika maabara ya shule ya sekondari kibao kidogo cha elektroniki, kama vile Arduino Uno, kinachopokea ishara za umeme na kuzipeleka kwenye kompyuta zikiwa tarakimu. Jambo hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, ipo desturi inayofaa kukemewa: mwanafunzi hufundishwa kwanza kuandika programu, na kazi ya kuunganisha nyaya huachwa kana kwamba haihitaji fikra. Kwa maoni yetu, mpangilio huo umegeuzwa juu chini.

Kibao hicho hakitambui joto wala mwanga. Pini zake za analogi hutambua volteji tu, nayo ni ile iliyo kati ya volti 0 na 5, ambayo hugawanywa katika ngazi 1,024. Kila ngazi, basi, ni takriban milivolti 4.9. Kihisi cha joto cha LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Kwa hiyo ngazi moja ni karibu nusu digrii. Mwanafunzi anayeandika nyuzi 25.37 kwa sababu tu kompyuta imeonyesha hivyo, anaandika tarakimu ambazo kifaa hakikuzipima.

Yako makosa mengine. Kihisi chenye betri yake huunganishwa kwa waya wa ishara peke yake, na waya wa ardhi ukasahauliwa. Volteji ni tofauti kati ya nukta mbili. Pasipo nukta ya pamoja, kipimo hakina maana. Aidha, pini ya kuingizia iliyoachwa wazi haisomi sifuri, bali hudaka ishara za ovyo, na programu huzipokea kana kwamba ni za kweli.

Tena ipo hatari ya kuunguza kifaa. Betri ya gari ya volti 12, ambayo ikichajiwa hupita volti 14, haifai kuunganishwa na pini moja kwa moja. Yafaa kufuatanisha rezista mbili, ya omu 20,000 na ya omu 10,000, kisha kupima kwenye ile ndogo na kupata theluthi moja ya volteji. Kwa upande wa kutolea, pini isidaiwe zaidi ya miliampea 20. Taa ya LED yenye rezista ya omu 220 itatosheka. Mota haitatosheka, nayo huhitaji transista na diodi ya kinga.

Watakuwapo walimu watakaosema kwamba vipindi ni vichache. Ni kweli, lakini inatosha kumtaka kila mwanafunzi, kabla ya kugusa waya, ajibu kwa maandishi maswali matatu: Volteji kubwa kabisa itakuwa ngapi? Waya wa ardhi umeungwa wapi? Mkondo utakuwa kiasi gani? Tahadhari kabla ya hatari.

Kibao kikiungua, darasa zima huona hasara. Tarakimu ya uongo haitoi moshi. Huingia daftarini, ikachorwa kwenye grafu, ikazaa hitimisho, na mwanafunzi akaondoka akiamini kwamba amefanya sayansi. Hasara hiyo ndiyo kubwa zaidi, na mwalimu wa fizikia ndiye mwenye uwezo wa kuizuia.