Zawadi ya Madafu



Wapenzi wasomaji, hivi karibuni tulikwenda kumzuru ndugu yetu ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa hapo kwa muda wa saa nne. Kama ilivyo ada yetu, hatukwenda mikono mitupu, tulichukua madafu. Mkewe aliyapokea kwa bashasha, akayapeleka jikoni, wala hayakurudi barazani. Alipotusindikiza mlangoni alitwambia kwa upole: "Sheikh, madafu yana potasiamu nyingi. Figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi mwilini huweza kuusimamisha moyo. Nami najua ayapendavyo."

Tuliona haya. Tulidhani tumebeba shifaa, kumbe tumebeba madhara.

Mgonjwa huyu hujifunza kuishi upya. Maji yake hupimwa, kwani yasiyopata njia ya kutoka humvimbisha miguu na kumbana pumzi hadi siku ya mashine. Chumvi hupunguzwa, maana ndiyo iletayo kiu. Tende na ndizi nazo huliwa kwa kipimo cha daktari. Mkono wenye mshipa wa kusafishia damu haubebi mzigo wala haupimwi presha.

Mambo haya ni mazito kwa mtu mmoja. Bibi yule amemtengea mumewe kikombe kidogo cha maji, na nyumba nzima hula mchuzi wenye chumvi haba ili baba asitengwe na sinia. Hiyo nayo ni sadaka.

Na ikija Ramadhani, tusimwambie mgonjwa ajikaze. Qur'ani imempa ruhusa ya kutofunga. Na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Rukhsa ni rehema ya Mola, si upungufu wa imani.

Basi tunapokwenda kumzuru mgonjwa, tumuulize kwanza anayemuuguza. Huenda zawadi iliyo bora si ya kuliwa: ni kumsindikiza hospitali, kuketi naye saa zile nne, na kumwacha mkewe apumzike japo siku moja.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowauguza. Amin.

Wabillahi tawfiq.