Mwanafunzi muuguzi afundishwe kando ya kitanda

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya mafunzo ya vitendo wanayopata wanafunzi wauguzi wanapoletwa wodini. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa hapa Vwawa, na jambo hili limenikaa moyoni.

Miezi michache iliyopita nilikuwa hospitalini nikimwuguza mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu. Hospitali yenyewe siitaji, kwani nia yangu si kumchongea mtu. Mtoto alikuwa na kikohozi na homa. Asubuhi alipita mwanafunzi, binti mwenye adabu, akaniamkia, akampima mtoto joto, akaandika kwenye karatasi na kuhamia kitanda cha pili. Nikaichungulia ile karatasi. Pumzi 24. Usiku pia 24. Jana yake vile vile 24. Nikamfunua mtoto kifua, nikatoa saa yangu ya mkononi, nikahesabu dakika nzima. Nilipata 52.

Nikamwita yule binti. "Mwanangu, hizi pumzi umezihesabu?" Akainama. "Hapana, bibi. Tumeambiwa karatasi zote ziwe zimejazwa kabla daktari hajapita." Tukahesabu pamoja, naye akapata 51. Alikwenda mwenyewe mbio kumwita muuguzi wa zamu. Ilikuwa nimonia. Mtoto akaanza sindano siku ile ile, na leo anakimbiza kuku uani.

Ndugu Mhariri, binti yule simlaumu. Nilipomwuliza kanuni alizitaja bila kukosea: mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka, kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi, kuanzia mwaka mmoja mpaka miaka 5, 40 au zaidi. Yote hayo aliyasoma darasani. Alichokosa ni mtu wa kusimama naye kitandani na kumwambia, "Hebu hesabu nikuone."

Wengine watasema ni namba tu. Sivyo. Daktari anapita mara moja au mbili kwa siku, lakini muuguzi yuko na mgonjwa usiku na mchana. Karatasi ya muuguzi ndiyo macho ya daktari, na ikidanganya, daktari naye amefungwa macho. Chukueni mfano wa mama aliyejifungua na anavuja damu. Mara nyingi mapigo ya moyo hupanda kwanza, na shinikizo la damu hushuka baadaye. Muuguzi aliyeshika mkono wa mama na kuhesabu ataligundua jambo hilo mapema. Aliyenakili namba za asubuhi atashtuka mama amekwisha legea.

Nchi yetu yenyewe ina ushahidi kwamba kufundisha watumishi kumchunguza mgonjwa kwa utaratibu kuna faida. Katika miaka ya 1990 watumishi wa zahanati na vituo vya afya wilayani Rufiji na Morogoro Vijijini walifundishwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kumchunguza mtoto mgonjwa tangu kichwani hadi miguuni, badala ya kutibu homa peke yake. Mafunzo kamili ya utaratibu huo ni ya siku 11, na sehemu kubwa ni vitendo kwa watoto wagonjwa. Kisha mtumishi hufuatwa kituoni kwake aangaliwe anavyofanya. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004: vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika wilaya hizo mbili vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya za Kilombero na Ulanga zilizolinganishwa nazo, na gharama ya kumhudumia mtoto haikuzidi. Uongozi mzuri wa wilaya nao ulichangia, lakini ni nani atakayesema mafunzo hayakuwa na sehemu yake?

Najua jibu la wahusika: wauguzi ni wachache, na muuguzi mmoja ana wodi nzima. Ni kweli, nami nimefanya kazi katika hali hiyo. Lakini ndiyo sababu hasa ya kumfundisha mwanafunzi vizuri. Mwanafunzi aliyefundishwa ni mikono miwili zaidi. Asiyefundishwa anajaza karatasi na kuongeza hatari. Tena tusiwafanye wanafunzi kuwa watu wa kutumwa chai na kubeba mafaili, kisha mwaka ukiisha tuwawekee sahihi kwamba wamehitimu vitendo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwanafunzi anayeletwa wodini apewe muuguzi mmoja mzoefu wa kumwongoza, na muuguzi huyo apunguziwe kazi nyingine katika zamu hiyo. Pili, sahihi isiwekwe kwenye kitabu cha mwanafunzi mpaka mwalimu amemwona kwa macho yake akimchunguza mgonjwa: kumwuliza, kumtazama, kumgusa na kuhesabu. Tatu, kila wodi itundikwe saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Haina gharama kubwa, na wodi nyingi nilizopita sikuiona. Nne, wanafunzi wafundishwe kumsikiliza mama. Mama akisema mwanawe "leo si yule wa jana", hicho nacho ni kipimo.

Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo kwa Sheria ya mwaka 2010 ndilo linalosajili wauguzi na kuwapa leseni, lingeweza kulisimamia hilo pamoja na vyuo na waganga wakuu wa wilaya.

Hapa kwetu jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2016 Vwawa ni makao makuu ya Mkoa wa Songwe, na wagonjwa wanatujia kutoka Ileje, Momba na Tunduma mpakani, kuna madereva wa malori na kuna akina mama wa vijijini. Na baridi ya Mbozi ya Juni na Julai tunaifahamu, ndipo vikohozi vya watoto vinapojaa wodini. Je, kila mtoto atakuwa na bibi muuguzi wa kuichungulia karatasi yake?

Kuhesabu pumzi ni dakika moja tu. Tuwafundishe vijana wetu kuitoa dakika hiyo.

Muuguzi Mstaafu,
Vwawa, Mbozi.